Vitabu vya Shule Mbili

Mwaka ule watu walipohamishiwa kijiji kipya upande wa Machochwe, Agustina alikuwa darasa la tano. Lori la Operesheni lilibeba mabati ya baba yake, jiwe la kusagia la mama yake, kuku watatu ndani ya tenga, na yeye mwenyewe akiwa amekaa juu ya magunia ya ulezi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Huko walikopelekwa, nyumba zilipangwa mistari miwili iliyonyooka, na katikati pakaachwa uwanja wa shule. Shule yenyewe ilikuwa bado miti na udongo. Mwalimu alikuwa mmoja tu, Hezekia, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, na alianza na darasa la kwanza mpaka la tatu kwa sababu zaidi ya hapo asingeweza.

Wa darasa la tano alikuwa Agustina peke yake. Kule walikotoka alikuwa akienda shule na wenzake watatu. Wawili waliolewa kabla ya mavuno. Wa tatu, Esta, waliyekuwa wakigawana naye hata kiazi kimoja njiani, familia yake ilipangiwa kijiji kingine, mbali, kwenye barabara ya Mugumu. Siku ya kuhama malori yao mawili yaliondoka kwa saa tofauti, na hawakuagana.

Ikabidi Agustina aendelee na shule ya zamani, maili tano kutoka kijiji kipya. Baba yake, Nyangwine, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia akiwa anakamua ng'ombe, bila kugeuka.

"Kama miguu yako inaweza, nenda. Siku utakayoshindwa, kazi ya nyumbani ipo."

"Ndiyo, tata," alisema Agustina. Maneno hayo aliyashika.

Mwezi wa pili baada ya kuhama, Mwalimu Hezekia alimsimamisha njiani. Alikuwa na barua mkononi.

"Agustina, wewe unakwenda kwa Mwalimu Athanas kila siku, siyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi hapa nina watoto sitini na sina kitabu hata kimoja. Nimemwandikia kumwomba vyake. Kule madarasa ya chini yanamaliza mapema, vitabu vinalala kabatini mchana kutwa. Kama atakubali, ungeweza kuvileta ukirudi, sisi tukavisoma saa kumi, na asubuhi ukavirudisha?"

Agustina alisema angeweza. Hakuna mtu aliyekuwa amemwomba kitu kikubwa namna hiyo tangu wahamie.

Mwalimu Athanas, mkuu wa shule ya zamani, aliisoma barua mbele ya darasa la tano akafurahi. Aliwaambia wanafunzi kwamba huo ndio ujamaa wenyewe, shule mbili kutumia mali moja, na akamwita Agustina mbele wampigie makofi. Mchana huohuo alimkabidhi vitabu ishirini na vinne vya kusoma na kumi vya hesabu. Mama yake, Nyangi, alikwisha kumshonea mkoba kutokana na kipande cha turubai alichopewa na fundi Sadick wa Mugumu. Turubai lilikuwa gumu, zito hata likiwa tupu, na mkanda ulikuwa mmoja, wa kuvaa begani. Vitabu vyote vilienea.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, mkoba begani na jembe mkononi siku za shamba la shule. Njia ilipita kwenye mbuga fupi, ikashuka korongo, ikapanda kilima cha mawe, ndipo yakaonekana mabati ya shule. Wakati wa kiangazi pundamilia walisogea mpaka karibu na njia, wakasimama kumtazama, kisha wakaendelea kula. Siku nyingi hakukutana na mtu. Mwanzoni aliimba. Baadaye aliacha, kwa sababu sauti yake ikiwa peke yake mbugani ilimtia huzuni, na pia kwa sababu kuimba huku amebeba mzigo kulimkata pumzi.

Jioni, akikaribia kijiji, wanafunzi wa Mwalimu Hezekia walikuwa wakimngoja kwenye mwisho wa mstari wa nyumba. Wakimwona walipiga kelele, "Vitabu vimekuja, vitabu vimekuja," wakakimbia kumpokea. Walivitoa mkobani mmoja mmoja, wakagombania vyenye picha, wakaenda navyo uwanjani. Baada ya muda mfupi Agustina alibaki amesimama na mkoba mtupu. Alikuwa mkubwa kuliko wote waliokuwa uwanjani, na wasichana wa rika lake kijijini hawakusoma. Walikuwa mtoni au kwenye shamba la kijiji, na walikuwa na mazungumzo yao. Watoto walizoea kumwita Vitabu. Nusu yao hawakulijua jina lake.

Hata hivyo, hiyo dakika ya kungojwa aliipenda. Alianza kuifikiria tangu akiwa kwenye kilima cha mawe.

Maumivu yalianza kama uchovu wa kawaida, begani, mahali mkanda ulipokaa. Akahamishia mkoba bega la pili. Huko ukawa unateleza, kwa hiyo akaurudisha palepale. Kufikia mwisho wa mwaka maumivu yalikuwa yameshuka mgongoni, upande mmoja wa uti, na yalipanda mpaka shingoni kama kamba iliyokazwa. Alipoingia darasa la sita alikuwa ameongezeka urefu ghafla, gauni la shule likapanda juu ya magoti, lakini hakunenepa. Asubuhi akiamka ilimbidi alale kwanza kwa ubavu, asukume kwa mkono, ndipo akae. Kwenye korongo alipumzika mara tatu, halafu mara nne. Alikuwa akiuegemeza mkoba juu ya jiwe bila kuuvua, kwa sababu kuuvua na kuuvaa tena ndiko kulikomuuma zaidi.

Hakumwambia mtu. Njiani hapakuwa na wa kumwambia, na nyumbani alimwogopa baba yake. Siku utakayoshindwa. Aliona kwamba akisema mgongo unauma, atakuwa ameshindwa, na habari itakuwa imekwisha.

Mwezi wa Machi shule ilikuwa ikipalilia pamba. Wanafunzi walisimama mstari, kila mmoja na tuta lake, Mwalimu Athanas akipita nyuma yao. Agustina aliinama mara mbili tatu, kisha akashindwa kuinama tena. Alijaribu kupiga magoti na kulima akiwa amepiga magoti. Wenzake walimpita wote, tuta lake likabaki na majani.

"Wewe," alisema Mwalimu Athanas. "Umeona mtu gani analima hivyo?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi simama ulime."

Alisimama. Akainua jembe mpaka kifuani, likaishia hapo. Wavulana wawili wa mwisho wa mstari walicheka.

"Elimu ya kujitegemea siyo kwenye daftari tu," alisema mwalimu. "Nilikusifu mbele ya watu, kumbe ulikuwa mvivu. Nenda kakae pembeni, wenzako watakumalizia."

Alikaa ukingoni mwa shamba mpaka kengele ilipolia. Hakulia. Hakuna aliyekuja kukaa naye wala kumwuliza, na mchana alipakia vitabu vyake thelathini na vinne akarudi nyumbani kama siku zote.

Jumamosi ile mama yake alimwita asage ulezi. Jiwe la kusagia linataka mtu apige magoti, ainame mbele, asukume kwa mikono miwili. Agustina alisukuma kidogo, akashika kiuno. Akasukuma tena, akashika tena. Nyangi alikuwa akipepeta mlangoni. Aliuweka ungo chini, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu: anavyopumua, anavyokaa, uso ulivyopauka.

"Kiuno kimeanza lini?"

"Siyo kiuno, mama. Ni mgongo."

"Nimekuuliza lini."

"Siku nyingi."

Nyangi alisogea, akashusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Mwezi huu umeziona siku zako?"

Agustina hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alihisi masikio yanawaka moto.

"Mama, siyo hivyo."

"Unapita mbugani peke yako asubuhi na jioni. Mimi sipo. Nitajuaje?"

"Siyo hivyo, mama. Hakuna mtu. Njia yote hakuna mtu."

"Jumatatu tunakwenda kwa nesi," alisema Nyangi. "Baba yako usimwambie kitu."

Jumatatu walitoka mapema. Nyangi alimwambia abebe mkoba wake, ili wakimaliza zahanati aende moja kwa moja kurudisha vitabu. Walitembea saa nzima, mama mbele, binti nyuma, na mama hakugeuka wala hakusema neno. Agustina alikuwa ametamani mara nyingi kuwa na mtu wa kutembea naye. Sasa alikuwa naye, na akaona ni afadhali angekuwa peke yake.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na baraza. Nesi alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, jina lake Efrazia, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Nyangi alimsalimu, akaingia naye ndani kwanza, wakazungumza mlango umefungwa. Kisha Agustina akaitwa, mama yake akaambiwa asubiri nje.

Nesi Efrazia alimlaza kitandani, akampapasa tumbo, akamwuliza maswali yake, akasubiri kila jibu bila kumharakisha. Halafu akamwambia asimame, avue gauni mpaka kiunoni, amgeuzie mgongo.

"Nani alikupiga hapa?"

"Sikupigwa."

"Kuna alama begani. Ngozi imekuwa nyeusi, imekauka kama kisigino. Hukupigwa?"

"Ni mkanda wa mkoba."

"Mkoba uko wapi?"

Ulikuwa barazani. Nesi alitoka kuuchukua, akauinua kwa mkono mmoja, akauweka chini, akaushika kwa mikono miwili. Alirudi nao akiwa ameubeba kifuani kama mtoto. Akautundika kwenye ndoano ya mizani wanayopimia watoto wachanga. Kisha akampandisha Agustina kwenye mizani ya watu wazima. Akaviandika vipimo vyote viwili kwenye kipande cha karatasi, akamwita Nyangi.

"Mama, huyu hana mimba," alisema. "Hana ugonjwa wa mwanamke wala homa. Njoo uone."

Alimgeuza Agustina, akaweka kidole juu ya bega moja, halafu juu ya la pili. "Hili limeshuka. Unaona? Na hapa uti umepinda kidogo, unakimbia mzigo. Binti yako ana kilo thelathini na sita. Mkoba wake ni kilo kumi na moja. Anaubeba maili tano kwenda na tano kurudi, bega hilohilo, na mwili wake ndio kwanza unarefuka. Mtu mzima mwenyewe angelalamika."

Nyangi aliutazama mgongo wa mwanawe. Tangu aache kumwogesha alikuwa hajauona.

"Kwa nini vitabu vyote hivi?" aliuliza nesi.

Agustina alieleza habari ya shule mbili. Alieleza kwa ufupi, akitazama sakafu. Alipofika kwenye watoto wanaomngoja, aliishia hapo.

Nesi Efrazia alichukua kalamu akaandika barua mbili, moja kwa kila mwalimu. "Utapona," alimwambia. "Siyo kesho. Kwa miezi mitatu usibebe kitu kizito, usilime kupita nguvu zako, usiku mama akukande kwa maji ya moto. Baadaye utabeba vitabu vyako tu, kwenye mkoba wa mikanda miwili, kila bega na wake. Dawa za kumeza hapa zitakusaidia kidogo. Kinachokuuma ni huu mzigo."

Siku hiyo mkoba aliubeba Nyangi mpaka shule ya zamani. Mwalimu Athanas aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. "Ungesema," alimwambia Agustina. Alionekana kutaka kuongeza kitu, lakini darasa la nne lilikuwa likipiga kelele, akaenda kulinyamazisha.

Mwalimu Hezekia naye aliipokea barua yake jioni. Aliisoma mara mbili akakaa juu ya tofali.

"Mimi nilikuwa nahesabu vitabu kila jioni," alisema. "Thelathini na vinne, vyote vipo, hakuna kilichochanika. Sikuwahi kuuinua mkoba wenyewe. Nisamehe, mdogo wangu."

"Si kitu, mwalimu."

"Ni kitu."

Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba baiskeli, akaambiwa baiskeli ya kijiji ni moja na iko kwa bwana shamba, na bwana shamba yuko Tarime. Wazazi wachache walisema watapokezana kuvifuata vitabu. Walifanya hivyo juma moja, mvua zikaanza, kila mtu akaenda shambani. Vitabu vikabaki kwenye kabati la shule ya zamani. Mwalimu Hezekia akaanza kuandika masomo kwa makaa juu ya ubao wa sanduku la chai.

Agustina alitembea sasa na daftari tatu na kalamu. Alikuwa mwepesi mpaka siku za kwanza alipepesuka, mwili ukimvuta upande ambao hapakuwa na kitu. Korongo alilipita bila kupumzika. Lakini jioni alipofika mwisho wa mstari wa nyumba, hapakuwa na mtu. Siku ya kwanza watoto watatu walikuja wakachungulia mikono yake, wakaona hana kitu, wakarudi kucheza. Siku ya pili hakuja hata mmoja. Alipita katikati ya kijiji akaingia nyumbani, na ilikuwa bado mapema, jua likiwa juu, na hakujua afanye nini na ule muda.

Habari haikuweza kufichwa kwa Nyangwine. Alisikia kwa wazee wenzake kwamba binti yake aliumia kwa vitabu vya serikali. Jioni moja alimkuta Agustina amekaa nyuma ya nyumba, akasimama karibu naye, fimbo ya kuchungia mabegani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema niache shule."

Nyangwine alitazama ng'ombe wake wakiingia zizini. Aliwahesabu kwa macho, kama kawaida yake, mpaka wa mwisho.

"Kweli," alisema. "Ningesema hivyo."

Akaenda kufunga zizi. Hakulirudia tena jambo lile, wala hakumwambia aache.

Kila jioni Nyangi alichemsha maji, akachovya kitambaa, akamkanda mgongoni. Mwanzoni walifanya hivyo kimyakimya. Neno lile la siku ya ulezi lilikuwa kati yao, na Nyangi hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa mtoto. Ila alikanda polepole, na kitambaa kikipoa alikichovya tena kabla hajaambiwa. Ilikuwa mwezi wa Mei, mgongo ukiwa umeanza kulegea, alipouliza.

"Huko njiani unaongea na nani?"

"Siongei."

"Njia yote?"

"Njia yote."

Nyangi alikamua kitambaa. "Esta wenu yule, unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Nilimwona mama yake mnadani. Anasema Esta ameacha shule. Anamlea mtoto wa dada yake." Akakiweka kitambaa kati ya mabega. "Alikuulizia."

Agustina alilaza uso juu ya mikono.

Kesho yake asubuhi Nyangi alijifunga khanga akatoka naye. Hakusema kwa nini. Walikwenda pamoja kupita mbuga, wakiongea habari ndogo: mbuzi mwenye jicho bovu, mke mpya wa jirani anayepika ugali mbichi, mvua ilivyokawia mwaka jana. Nyangi aliona pundamilia, akasema kumbe wako karibu namna hii, akashika mkono wa binti yake bila kufikiri, akauachia. Walipofika korongoni alisimama.

"Mimi nirudi. Kuna unga wa kusaga, na leo ni zamu yetu shamba la kijiji."

"Haya, mama."

"Utafika?"

"Nitafika."

Agustina alishuka korongo akapanda upande wa pili. Siku zote alikuwa akilipita bila kusikiliza. Leo aliusikia ukimya wote kwa pamoja, vichaka, mawe, ndege mmoja mbali, na akaona kilima kinachofuata ni kirefu kuliko alivyokizoea. Aliendelea kupanda. Alipofika shule gwaride lilikwisha kuanza. Akasimama nyuma ya mstari wa darasa la sita, akaimba na wengine, na walipoingia darasani akaenda kukaa mwisho wa benchi, ambako palikuwa na nafasi.